Namba 14 na bibi wa mpakani

Wiki mbili nyuma nilimpigia msimamizi wangu video nikiwa na furaha zangu, mana nilijiona nimepata kitu. Nimekaa ukumbini kwetu Mwanakwerekwe, feni inazunguka juu, laptopu imechemka mpaka nimeiwekea sinia la bati chini ipoe, na kwenye skrini kuna picha ya ubongo ya kijivu imepakwa nyekundu inayokwendea njano upande wa kushoto, kipande kimoja mbele kwenye paji na chengine nyuma kidogo juu ya sikio, safi kabisa kama mtu kachora kwa mkono. Nikamwambia hii ndo lugha. Komponenti namba 14, yaani moja ya ramani ambazo kompyuta imezitenga kutoka picha za ubongo, ndo mtandao wa lugha, upo kushoto kama tulivyosomeshwa, na jina nishauandikia kwenye faili. Akaangalia, akanyamaza, halafu akauliza kitu kimoja tu: herufi ya L iko wapi kwenye picha yako?

Nilikuwa nimeikata. Wakati napunguza picha ili ikae vizuri kwenye slaidi nilikata na vile viherufi vidogo vya pembeni, L ya kushoto na R ya kulia, sikuona kama vina kazi.

Sasa kwa asiejua, picha za ubongo zinaonyeshwa kwa mila mbili. Kuna mila ya madaktari wa mionzi, wao wanauangalia ubongo kama mtu aliesimama miguuni kwa mgonjwa aliyelala chali, kwa hiyo kushoto kwa skrini ndo kulia kwa mgonjwa. Na kuna mila ya pili ambayo kushoto ni kushoto tu, hakuna mchezo. Programu niliyokuwa natumia inafungua kwa ile ya kwanza usipoigusa. Mana'ake "lugha" yangu ya kushoto ilikuwa kulia wakati wote, na haikuwa lugha, ilikuwa ule mtandao wa mbele na pembeni wa kulia, wanaouita frontoparieto, ambao hujitokeza karibu kila mtu akifanya uchambuzi wa aina hii. Mwenzake wa kushoto ndo anaehusishwa zaidi na mambo ya lugha. Na huyo mwenzake nilikuwa nae kwenye orodha hiyo hiyo, namba 9, nilimpita kama mtu anavyopita duka lililofungwa.

Aibu yake sitaki hata kuieleza. Lakini imenifanya nikae chini niulize: hivi mie hizi ramani nazisoma au naziangalia tu kwa uzuri wake?

Tuanze na data yenyewe. Si yangu, ni ya wazi, watu wamelala ndani ya mashine ya MRI hawafanyi lolote, macho wazi, wameambiwa wasilale usingizi, na kila sekunde 2 mashine inachukua picha moja ya ubongo mzima. Kinachopimwa si mazungumzo ya neva moja kwa moja, ni mabadiliko ya oksijeni kwenye damu, jambo ambalo Seiji Ogawa na wenzake walilionyesha 1990. Halafu 1995 Bharat Biswal na wenzake wakaonyesha kwamba hata mtu akiwa ametulia tuli, sehemu ya ubongo inayoendesha mwili upande wa kushoto na ile ya kulia zinapanda na kushuka pamoja, taratibu, kama ngalawa mbili zilizotia nanga kwenye maji yale yale. Kazi yote hii ninayoifanya imetokea hapo.

ICA, yaani uchambuzi wa komponenti huru, ndo njia ya kuzipata hizo sehemu zinazopanda na kushuka pamoja bila kumwambia kompyuta uangalie wapi. McKeown na wenzake waliipeleka kwenye picha za ubongo 1998. Watu wengi wanaielezea kwa mfano wa karamu yenye kelele na vinasa sauti, mie mfano ulioniingia ni urojo. Chukua mabakuli 200 ya urojo kutoka kwa mama mmoja, yote ya siku moja. Viungo ni vile vile lakini kiasi chake kinabadilika, bakuli la mapema kachori mbili na ukwaju mwingi, la magharibi bhajia zishabaki makombo na embe ndo imetawala. Hukuambiwa viungo ni vipi. Unaonja mabakuli yote 200 na kutokana na vile ladha zinavyopanda na kushuka unarudi nyuma mpaka unasema aa, hapa kuna vitu 20, kila kimoja na ladha yake. Bakuli ni picha moja ya sekunde 2. Kiungo ni komponenti, yaani ramani moja ya ubongo mzima. Na kiasi cha kiungo kutoka bakuli hadi bakuli ndo ule mstari wa wakati unaokuja chini ya kila ramani, ambao wengi wetu hatuuangalii.

Ila sikiliza, kama mwiko una kutu, na kutu itatokea kwenye orodha kama kiungo. ICA haijui lipi chakula lipi kutu.

Hapo ndo penye kazi. Mama alipita na chai akainama kwenye skrini, "Huyu mtu anaumwa?" Nikamwambia haumwi mama, amelala tu. "Sa mbona pekundu hivo?" Nikataka kumjibu haraka nikaona nami sina jibu zuri. Mana nyekundu si maumivu, si joto, na wala si kwamba sehemu ile inafanya kazi kuliko nyengine. Nyekundu inasema tu kwamba vokseli ile, kile kijiboksi cha milimita 2 kila upande, inaufuata kwa nguvu mstari wa wakati wa komponenti hii. Na hata hiyo imekatwa: programu inachora rangi pale tu thamani inapopita kiwango fulani, chini ya hapo inakuachia kijivu, wewe unadhani kijivu ni hakuna kitu kumbe ni kidogo hakikupakwa. Shusha kiwango uone, ile ramani yako safi yenye vipande viwili inatapakaa kama mafuta kwenye maji.

Na buluu ndo balaa zaidi. Nilikuwa naamini nyekundu ni imewashwa na buluu ni imezimwa. Kumbe alama ya kujumlisha na kutoa kwenye ICA haina maana peke yake, unaweza kuigeuza ramani nzima chini juu, nyekundu ikawa buluu, ukaugeuza na mstari wake wa wakati, na data ikabaki ile ile. Kilicho na maana ni kwamba nyekundu na buluu ndani ya ramani moja zinakwenda kinyume, basi. Kadhalika namba. Programu imezipanga kwa kiasi cha data inachoeleza kila moja, na uchambuzi wenyewe unaanzia pahala pa kubahatisha, kwa hiyo namba 14 ya leo ukirudia kesho pengine ni namba 11. Ukimtajia mtu "komponenti ya 14" bila ramani ni kama umemwambia tukutane kwenye ule mnazi.

Neno lililonidanganya kuliko yote ni "huru". Komponenti huru, nikaelewa kwamba hazizungumzi, kila moja na lake. Nikaja nikashangaa mbona mistari ya wakati ya mbili kati ya hizo inakwenda sambamba kabisa. Si kosa. Uhuru unaozungumzwa kwa kawaida kwenye picha za ubongo ni wa ramani, yaani ukijua rangi ya vokseli kwenye ramani hii haikusaidii kubashiri rangi yake kwenye ile. Mistari ya wakati ni shauri jengine, hiyo inaruhusiwa kufuatana, na watu wanautumia huo mfuatano kutengeneza jedwali la nani anaongea na nani. Kama ingekuwa huru kote kote jedwali hilo lingekuwa sifuri tupu, tungekwenda zetu kulala.

Haya, kutu. Kwenye komponenti 20 zangu nilipozirudia zote kwa makini nikiangalia ramani, mstari wa wakati na ule mchoro wa masafa, unaoonyesha mstari unapanda na kushuka kwa kasi gani, vyote pamoja, nilizitupa 7. Kuna moja ilikuwa mduara mwembamba unaozunguka ukingo wa ubongo kama ukili kwenye mkeka, huo ni mtikisiko wa kichwa, na mstari wake una miruko mikali pale mtu alipojigeuza. Kuna moja yote imekaa kwenye vile vyumba vya maji katikati ya ubongo. Na kuna moja, namba 6, nilitaka kuiita mtandao wa kuona kwa sababu ipo nyuma ya kichwa, lakini ukiifuata vipande kwa vipande inapanda katikati kabisa kama uzi mpaka utosini. Ni mshipa mkubwa wa damu ule. Mitandao ya kweli kwa kawaida inakaa kwenye ganda la kijivu na nguvu yake kubwa ipo chini ya 0.1 Hz, yaani wimbi moja linachukua zaidi ya sekunde 10, ukiona nguvu imetawanyika mpaka mwisho wa mchoro anza kutia shaka.

Japo hata masafa yanaweza kukudanganya, na hili nimelielewa kwa feni. Piga video ya feni kwa simu, wakati mwengine utaona mapanga yanazunguka taratibu, tena kinyumenyume, mana kamera inachukua picha chache kuliko kasi ya feni. Moyo unapiga kama mara moja kwa sekunde, mie picha yangu ni moja kwa sekunde 2, kwa hiyo mapigo hayaonekani kama mapigo, yanaweza kujikunja yakatokea kama wimbi la taratibu likafanana kabisa na mtandao. Hapo mchoro wa masafa haukuokoi, inabidi uangalie ramani imekaa wapi. Na usione haya kutupa. UK Biobank, wale wa Uingereza wenye maelfu kwa maelfu ya watu waliopigwa picha, walitenga komponenti 25 wakabaki na 21, wakatenga 100 wakabaki na 55. Karibu nusu ya zile 100 zimekwenda jaani.

Na hapo ndo unauliza, sa kwa nini 25 au 100, nani kapanga? Wewe ndo umepanga. Mradi wa Human Connectome wa Marekani ulitoa ramani za 15, 25, 50, 100, 200 na 300, zote kutoka data ile ile, na hakuna hata moja ambayo ndo sahihi kuliko wenzake. Ule mtandao maarufu wa ubongo ukiwa umejikalia tu, DMN, ambao Marcus Raichle na wenzake waliuzungumzia 2001, kwenye 20 unaweza kuupata mzima, mbele katikati ya paji, nyuma katikati, na pembeni pande zote mbili. Panda kwenye 70 unakatika, mbele kwake nyuma kwake. Panda kwenye 300 unabaki na vijipande vidogo vidogo ambavyo hata kuviita mtandao ni kuvikweza, vimekuwa vitongoji. Anaeandika kwamba "tumegundua DMN ina sehemu mbili" bila kusema alitenga ngapi, mie sasa namuomba aniambie kwanza.

Vitongoji ndo vimenipeleka kwa ami yangu. Msimamizi alitaka nigawe ubongo vipande, kila vokseli iwe ya kipande kimoja tu, ili nichukue wastani wa kila kipande. Atlasi za hivyo zipo tele. Brodmann alifanya 1909 kwa hadubini, akiangalia seli zilivyopangika. Atlasi ya AAL ya 2002, ambayo kila mtu kaitumia, imechorwa juu ya ubongo wa mtu mmoja tu aliyepigwa picha mara 27. Yeo na wenzake 2011 walitumia watu 1000 wakagawa ganda la ubongo kwenye mitandao 7, na tena 17. Schaefer na wenzake 2018 wakatoa vipande kuanzia 100 mpaka 1000, chagua mwenyewe. Glasser na wenzake 2016 wakatoa 180 kila upande wa ubongo, na hao ndo nawapenda zaidi mana hawakutegemea kitu kimoja, waliangalia unene wa ganda, mafuta yanayofunika neva, kazi na miunganisho vyote pamoja, tena wakasema wazi kwamba kipande kama 55b kwa baadhi ya watu kimehama au kimekatika mara mbili. Kwenye ramani ya wastani hilo hulioni kabisa.

Mie kwa ujeuri nikasema sichukui atlasi ya mtu, natengeneza yangu kwa zile komponenti 13 zilizobaki. Kila vokseli naipa komponenti yenye thamani kubwa kuliko zote, alieshinda anachukua. Picha ikatoka nzuri ajabu, rangi 13, mipaka imenyooka, ningeweza kuitia fremu.

Jioni nikampelekea ami shikamoo yake, nikamkuta barazani, nikamuonyesha kwenye simu. Ami aliwahi kuwa sheha, mkuu wa shehia, vile vieneo vidogo vya utawala kwetu Zanzibar. Akaikuza kwa vidole viwili kama anaangalia kiwanja, akauliza, "Mipaka hii nani kaiweka?" Nikamwambia kompyuta, ami, kwa hesabu. Akacheka, akanipa kisa cha sensa ya Agosti 2022. Wale makarani na vishikwambi vyao, ramani inaonyesha mpaka unapita kwenye mwembe, na chini ya mwembe ipo nyumba ya bibi mmoja, jiko lake limeangukia shehia moja na chumba cha kulala shehia nyengine. Kila upande unasema huyu ni wetu. Mwisho ikatumika kanuni ya sensa, mtu anahesabiwa pale alipolala usiku wa kuamkia siku ile, akaandikwa kule kwenye kitanda. "Lakini maji anachota huku," ami akasema, "adhana anayoamkia ya huku, na ugomvi wake wote wa huku. Kwenye karatasi ni wa kule."

Nikarudi nyumbani usiku ule ule nikafungua vokseli moja ya mpakani, pale juu nyuma ya kichwa upande wa kulia. Komponenti iliyoshinda ina 4.1. Iliyoshindwa ina 4.0. Nimeipaka kijani tupu, kana kwamba ile 4.0 haikuwahi kuwepo. Nikahesabu ngapi zipo hivyo, tofauti chini ya 0.5, ilikuwa mkanda mzima kila mpaka ulipopita, na ndo hizo hizo zenye mambo, mana sehemu zinazopokea kutoka mitandao miwili si ajabu zikawa ndo zinazoiunganisha.

Kwa hiyo ramani ya komponenti na ramani ya vipande ni vitu viwili, na nilikuwa navichanganya. Vipande ni shehia. Komponenti ni adhana, sauti inatoka pahala, inasikika nyumba hii sana na ile kidogo, na nyumba moja inaweza kusikia misikiti mitatu. Tena komponenti haijali bahari. Msimu wa karafuu ukichanganya kule Pemba kuna vijana huwaoni tena Darajani, wameitwa kwao kuchuma, sasa ukichora ramani ya nani anaondoka na nani anarudi kwa pamoja utapata doa Wete na doa katikati ya Mji, rangi moja, na maji mengi kati yake. Ramani ya shehia hata uikate vipi haitokuonyesha hilo. Lakini ukitaka kugawa mchele, au kuhesabu watu, au kumwambia mwenzako "angalia hapa hapa", shehia ndo inayofaa, sauti ya adhana haikusaidii kitu. Sisemi atlasi ni mbaya. Nasema niliitengeneza kwa kuponda kile kile nilichokuwa nakitafuta.

Tukakubaliana na msimamizi niachane na alieshinda anachukua, nitumie rigresheni ya mara mbili. Ni rahisi kuliko jina lake. Unazo ramani za kundi zima, yaani orodha ya viungo. Hatua ya kwanza unaingia kwenye urojo wa mtu mmoja, unauliza kila kiungo kimepanda na kushuka vipi kwenye mabakuli yake, unapata mistari yake ya wakati. Hatua ya pili unageuza, unachukua ile mistari yote kwa pamoja unauliza kila vokseli ya mtu huyu inafuata upi kwa kiasi gani, unapata ramani zake mwenyewe. Vokseli ya mpakani inabaki na mafungu yake yote mawili. Ila kuna sharti, usizitoe zile komponenti za kutu kabla ya hatua ya kwanza, mie nilizitoa kwa kujifanya msafi, mtikisiko wa kichwa ukakosa pa kwenda ukajigawa kwenye mitandao ya kweli. Ziache mle ndani zibebe uchafu wao, halafu mwishoni ndo usizisome.

Na majina nimefuta. Faili ya "lugha" haipo tena. Juzi nimerudia kwa komponenti 70, imechukua usiku mzima, sinia la bati likawa la moto kama la kuchomea mkate wa kumimina, na namba 14 safari hii ni mshipa. Ule mtandao wa kulia umekatika mara tatu, ni 22, 41 na 58, na herufi za R na L zipo kwenye kila picha, nimeziandika kubwa mpaka zinachekesha.

Jana ami kanikuta nje ya msikiti. "Yule bibi wako wa mpakani umemuweka wapi?" Nikamwambia kote kote, ami, kwa mafungu, 4.1 huku na 4.0 kule. Akatikisa kichwa. "Karani asingekukubalia."